Buluu Kwenye Kitambaa

Kuna siku moja haijaniacha mpaka leo, mwanangu, na ilianza na jua zuri tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikipolisha magari katika atelye moja, karakana ya Kamembe, kando ya njia inayoteremka kwenda kwenye daraja la mpakani, Rusizi ya Pili. Vita vilikuwa ng'ambo, Bukavu, na sisi tuliorudi kutoka huko tulikuwa hatujazoea bado kuitwa watu wa hapa. Nakuandikia kwa sababu umesema unaanza kazi hii hii. Shule niliiacha mapema, sijui kama nitaeleza vizuri. Nitajaribu kusema kila kitu kilivyokuwa, hata pale ninapoonekana vibaya.

Gari lilikuwa la Maman Zawadi, muuza vitenge. Buluu ya giza. Dereva wake alilifuta vumbi kila asubuhi kwa shati kuukuu, kavukavu, akidhani analitunza. Vumbi letu lina mchanga ndani, ukilifuta bila maji unaparuza rangi. Juani uliona mikwaruzo midogo midogo, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui. Jumamosi ile alikuwa akimwoza binti yake, na alitaka gari ling'ae.

Tulipewa kazi wawili. Safari, kijana wa Bukavu aliyevuka daraja kila asubuhi na kurudi kabla mpaka haujafungwa, alipewa kapo, yaani kifuniko cha injini. Mimi milango. Aliyetufundisha ni Mzee Ramazani, fundi rangi: osha kwanza, tena osha, pate, ile dawa ya kusugulia, kidogo kwenye kitambaa laini, mkono uende kwa mistari iliyonyooka, usizunguke.

Adhuhuri Safari alikwenda kula. Kwenye mkunjo wa mbele wa kapo ilibaki mikwaruzo miwili. Nilijiambia namsaidia. Labda ni kweli kidogo, ila zaidi nilitaka Patron, mwenye atelye, auone mkono wangu. Nikachukua pate kali, nikasugua kwa nguvu. Kitambaa kikaanza kutoka buluu, nami nikafurahi.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Magari niliyoyajua yalikuwa ya zamani, rangi yao iko juu kabisa, na kitambaa kikishika rangi kazi inakwenda. Hili lilikuwa na vernis juu ya rangi, ngozi nyembamba inayoonyesha kilicho chini kama maji safi. Buluu ile ilikuwa inaniambia nimeshaitoboa ngozi. Nilipofuta pate nikaona doa lililofifia, kubwa kama kiganja. Nikalipaka mafuta kidogo likang'aa. Kitambaa nikakitia mfukoni, nikarudi kwenye milango yangu.

Saa tisa jua lilikuwa limekausha mafuta, na doa likaonekana tena.

"Nani alikuwa kwa kapo?" Patron akauliza.

"Ni miye, Patron," Safari akasema. "Lakini sikuiacha hivi."

"Haukuiacha hivi! Imejikula yenyewe? Muntu wa ng'ambo, kitu ya bantu ba huku haimuumi!"

"Nilisugua polepole, Patron. Uliza Mzee."

"Nimuulize nini? Leta barua."

Safari akampa barua, ile iliyosema ana kazi Kamembe. Siku zile, kijana asiye nayo askari wa darajani hawakumruhusu kuja huku, na mama yake na wadogo zake hawakuwa na mtu mwingine. Patron hakuwa mtu mbaya, nisimwonee. Alimwogopa Maman Zawadi, na wakati ule kila mtu alimwogopa aliyetoka upande wa pili. Nami nilizaliwa upande huo huo! Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema. Moyo ulinipiga mpaka nikadhani kitambaa kinaonekana kikiruka mfukoni. Sikusema. Safari akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akateremka na njia.

Mzee Ramazani alirudi baada ya sala ya alasiri. Akachuchumaa mbele ya gari, akaangalia doa upande huu na upande ule, akaniita.

"Safari anasuguaka namna gani?"

"Kwa mistari, Mzee. Kama ulivyotufundisha."

"Na hapa unaona nini?"

Niliona maduara, doa lote limesuguliwa kwa kuzungusha.

"Nani njo anazungushaka mukono humu ndani?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni, juu ya kitambaa.

"Kapo nitaipiga rangi ingine, mbele ya samedi ya harusi itakauka," akasema taratibu. "Ile kijana tutamupiga rangi gani? Mupaka inafungwa saa kumi na mbili. Unangoja nikubebe?"

Nilimwendea Patron, lakini si mara moja. Nilikwenda kwanza nyuma ya atelye, nikanywa maji, nikakaa. Nilipomwambia ilikuwa imebaki nusu saa. Alinitazama sana, kisha akanitupia barua. "Kimbia!" Nilikimbia mpaka chini. Safari alikuwa ameshavuka.

Kesho yake asubuhi nilisimama mpakani na barua. Hakuja. Milio ya bunduki ilisikika kutoka Bukavu, nami nikawaza: likimpata jambo kule, limempata kwa sababu yangu. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nilimwona nyuma ya kizuizi, katikati ya wamama wenye mizigo, amekuja kujaribu bahati. Nikampa askari barua, akaisoma, akamruhusu apite.

"Nani alisema?" Safari akaniuliza.

"Ni mimi niliharibu. Nikasema mwenyewe."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Lakini nilichelewa."

"Ulichelewa," akasema, bila hasira. "Tuende, tuko na kazi."

Tulifanya kazi pamoja miezi mingi bado. Alinisalimu kila asubuhi, alinigawia muhogo wake, tulicheka. Lakini kila alipomaliza sehemu yake, kabla ya kwenda kula, aliita: "Mzee, kuya uone, naacha hivi." Akaita hivyo mpaka siku yake ya mwisho. Hakunitazama alipoita, na sikuwa na haki ya kumuuliza.

Basi, mwanangu, mikwaruzo iondoe kwa subira, na ukiona rangi kwenye kitambaa simamisha mkono, uliza gari hili lina ngozi gani. Ukiharibu, sema kabla mwenzako hajavua ovaroli. Usiende kwanza kunywa maji kama mimi. Aibu ya kusema ni ya siku moja, nami ile ya kunyamaza ninayo mpaka leo.

Mungu akupe mkono mwepesi na mdomo usiochelewa, na wote utakaofanya nao kazi wakuache na vitu vyao bila wasiwasi.