Maji ya Mjukuu wa Mkurugenzi

Kazini walimwita Pasi, kwa kuwa sare yake haikupata kuonekana na kunjo hata baada ya safari ya kutwa. Alikuwa mhudumu wa ndege wa miaka mingi, mpole wa sauti, na mtu wa kinyongo. Mwenyewe hakuficha. Usichanani aliwahi kumnunia binamu yake mwaka mzima kwa ajili ya kitana.

Ndiyo maana siku mkurugenzi wa shirika lao alipokuja msibani na kusema alichosema, waliomjua Pasi waliinamisha vichwa.

Msiba ulikuwa wa kichanga cha mdogo wake wa mwisho. Mdogo wake huyo na mtoto walisafiri na ndege ya shirika hilohilo, siku ambayo Pasi hakuwa zamu. Njiani mtoto akalilia maziwa. Mama akaomba maji ya moto ya kukorogea maziwa ya unga, akaletewa ya bomba la jiko la ndege, vuguvugu tu. Kesho yake mtoto akaanza kuharisha. Hospitali walimtundikia dripu, lakini mwili ulikuwa umeshakauka.

Pale msibani, fundi wa kuosha matenki ya maji ya ndege alimvuta Pasi pembeni. Alimweleza kwamba tenki la ndege ile lilikuwa limepitisha muda wa kuoshwa kwa dawa. Fundi alikuwa ameomba ndege isimamishwe, mkurugenzi akakataa: abiria wanasubiri, na maji hayana neno.

Sasa mkurugenzi huyo alikuwa amekaa sebuleni kwa wafiwa. Alitoa pole, kisha akaongeza taratibu, "Wakati mwingine ni chupa tu. Akina mama wa siku hizi chupa hawazioshi vizuri."

Mama wa marehemu alikuwa pale pale, akisikia. Pasi alimshukuru mgeni kwa kuja, akamsindikiza hadi nje, akamfungulia mlango wa gari.

Familia ililalamika shirikani, ikaambiwa isubiri. Pasi akarudi kazini na tabasamu lake. Kila mkurugenzi aliposafiri, alimhudumia yeye mwenyewe, na aliona kwamba bwana yule hanywi chai ndani ya ndege. Hunywa maji ya chupa, na kizibo hufungua kwa mkono wake. Pasi akatulia, akangoja.

Siku ikafika. Mkurugenzi alipanda na binti yake, na binti amempakata mtoto mchanga. Walipokuwa angani mtoto akaanza kulia, na binti akamwomba Pasi maji ya moto kidogo. Maji ya chupa yalikuwepo tele. Pasi aliyapita, akafungua bomba. Hakujua kama tenki la siku hiyo ni safi au chafu. Alijua tu kwamba mkurugenzi naye hajui.

Binti akamimina maji, akatikisa chupa. Ilipokaribia mdomo wa mtoto, Pasi aliinama kwa mkurugenzi na kusema kwa sauti ya kusikika viti vya jirani, "Ni ya tenki, mkubwa. Yaleyale uliyosema hayana neno."

Mkurugenzi aliinyakua ile chupa hata maziwa yakamrukia shati.

"Baba, kuna nini?" binti akauliza. "Maji yana nini?"

Mkurugenzi alijipangusa shati. Pasi ndiye aliyejibu, polepole, kama anayetangaza hali ya hewa: mtoto wa mdogo wake, tenki, na maneno ya msibani. Abiria walishainua simu zao.

Picha zilisambaa. Ndege zikasimamishwa, matenki yakapimwa, mengine yakakutwa hayafai hata kunawia. Mkurugenzi akaondolewa. Pasi naye alifukuzwa, akarudisha sare ikiwa imenyooshwa. Baadaye alisikia kwamba yule binti hampelekei tena baba yake mjukuu. Siku hiyo alikula akashiba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mdogo wake alipokuja kumtembelea, alimkuta anakunja nguo. Akamuuliza, "Dada, na kama mkurugenzi angenyamaza?"

"Asingenyamaza."

"Nakuuliza, kama angenyamaza. Ungemwacha mtoto anywe?"

Pasi aliinuka kwenda kufunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo. Mdogo wake akamtazama mgongoni, asijue amshukuru au amwogope.