Mguu wa Kushoto wa Baba

Giaboksi ilipotoka chini ya pikapu ya baba, makanika aliilaza polepole juu ya tairi kuukuu, kama mtu anayemlaza mgonjwa, kisha akaniita nisogee nione. Tulikuwa kwenye gereji moja ya Kinoru, mjini Meru, na kutoka uwanjani kelele za vijana waliokuwa wakicheza mpira zilipanda na kushuka. Niliinama. Sikuwa nimewahi kuona gari lililofunguliwa pale katikati, mahali ambapo nguvu za injini hupita kwenda kwenye magurudumu. Kulikuwa na chuma kipana cha mviringo, kizito, kimeng'aa kwa kusuguliwa hata nikauona uso wangu ndani yake, umevutwa upande. Nilikuwa nimepanda pikapu hiyo tangu utotoni bila kujua kwamba ilikuwa imebeba kioo tumboni.

Tulikuwa tumeileta kwa sababu ya oili. Kila asubuhi iliacha doa jeusi kwenye nyasi za boma, na makanika alikuwa amesema ni sili ya nyuma ya injini iliyochoka. Sili yenyewe ni kitu kidogo cha mpira, lakini huwezi kuifikia mpaka giaboksi yote ishuke. Na giaboksi ikishashuka, klachi iko hapo mbele ya macho yako. Kwa hiyo swali lilikuja lenyewe: kwa kuwa tumefika hapa, tubadilishe na klachi pia, au tuiache?

Mtu mwingine angejibu na kwenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, sina kazi, na nina kichwa kinacholigeuza jambo moja mpaka lichakae. Nilimwomba makanika anipe muda wa kufikiri. Alisema nifikiri tu, mradi nisifikirie nikiwa nimesimama juu ya spana zake.

Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Dada yangu ameolewa Manyatta, upande wa Embu, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wa pili. Kwetu, na hata kwa wakwe zake, mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la baba wa mama yake. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mtoto Manyatta aliyekuwa na jina la baba, na baba alikuwa hajamwona. Kiharusi kilikuwa kimempiga kabla mtoto hajazaliwa, kikamlemaza mkono na mguu wa kushoto na kumwachia ulimi mzito. Dada alisema angemleta mtoto Meru. Baba alikataa.

"Mimi ndiye mgeni wake," alisema, neno moja moja. "Yeye ndiye mwenyeji."

Tulikuwa tumejaribu mara moja, kwa gari dogo la binamu yangu. Mguu wake haukukunjika ukaingia. Alitoka akiwa ametota jasho kabla hatujafika hata kwenye lango, akasema kilichobaki ni pikapu yake, ambayo ina nafasi ya kunyoosha mguu, na pikapu nayo ikishindwa hatajaribu tena. Baba si mtu wa kusema jambo kisha akaghairi. Safari ilipangwa Jumamosi, na dereva ni mimi, niliyekuwa na leseni lakini nimezoea barabara tambarare zaidi.

Anayeijua barabara ya Meru kwenda Embu anajua kwamba haina utambarare mwingi. Mito inashuka kutoka mlimani, na kila mto umejichimbia bonde lake. Unateremka hadi darajani masikio yakiziba, kisha unapanda upande wa pili, na ukishafika juu unaanza kuteremka tena. Ni barabara inayomaliza klachi.

Makanika alifungua bolti na kuitoa pleti ya klachi. Ni kitu kama sahani, na pande zake mbili zimefunikwa kwa kitu kigumu kinachoshika. Ndani ya kitu hicho kumezama ribiti, pini fupi za chuma zinazokishikilia, na uso ukilika mpaka ukalingana na vichwa vya ribiti, kazi imeisha. Alikuwa ameshaniambia nitarajie makaa. Wateja wake wengi ni pikapu za miraa kutoka Maua, na pleti zao hutoka zimeungua na kunuka, nyingine hata hazijakaa miezi mingi.

Aliifuta kwa kitambaa. Akaigeuza. Akaifuta tena. Kisha akapiga mluzi, na makanika wa vibanda vya jirani wakaja, wakaipitisha mkono kwa mkono bila kusema mengi. Ribiti zilikuwa zimezama mbali chini ya uso.

"Hii iliwekwa lini?" aliniuliza.

Nilimwambia ni nilipokuwa shule ya msingi.

"Na nani alikuwa anaendesha?"

"Baba yangu."

"Alikuwa anaendesha wapi, madam? Kwa uwanja wa ndege?"

Wakacheka wote. Nikanyoosha kidole kuelekea juu, kwenye miteremko ya kwetu inayoonekana hadi Kinoru siku ikiwa haina ukungu, nikasema alikuwa akibeba ndizi na maziwa kutoka kule. Wakatazama juu. Kicheko kikaisha. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliishika tena pleti ile na kuiangalia kwa muda mrefu, halafu akairudisha kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jiwe.

Nyuma ya kiti cha pikapu kulikuwa na jiwe jeusi la mtoni, umbo la mkate, ambalo baba alikuwa amelifunga waya na kulitengenezea mshikio. Baba hakuwahi kulishikilia gari mlimani kwa klachi, kama madereva wengi wanavyofanya, gari likining'inia na kutetemeka huku wakisubiri ng'ombe apite. Tukisimamishwa mlimani, alivuta breki ya mkono, ambayo haikuweza mzigo peke yake, kisha akasema, "Jiwe." Mmoja wetu aliruka nje na kuliweka nyuma ya tairi. Baba akatoa miguu yote miwili kwenye pedali na kukaa kama mtu aliye sebuleni. Njia ikifunguka, gari liliondoka taratibu, na aliyeruka akaliokota jiwe, akalikimbiza gari na kudandia. Mama alifanya hivyo akiwa na nguo za kanisani. Shuleni tuliitwa watoto wa jiwe. Miaka yote hiyo niliamini tunafanya hivyo kwa sababu pikapu yetu ina breki mbovu.

Na sasa nilikuwa nimesimama Kinoru, nikiwa nimeshika kile kilichokuwa kikilindwa. Milima yote ile, mvua zote zile, magunia yote yale, na mguu mmoja ulikuwa umepita juu ya kitu hiki bila kukiumiza. Mguu huohuo sasa ulikuwa umelala juu ya kigoda nyumbani, na mama ndiye aliyekuwa akiuvalisha soksi.

Uamuzi bado ulikuwa wangu. Nilimuuliza makanika yeye angefanya nini. Alisema angebadilisha, kwa sababu giaboksi iko chini tayari na hakuna anayependa kuishusha mara mbili. Kisha akaitazama pleti, akasema hapana, angeiacha. Kisha akasema nisimuulize tena, kwa sababu namtia wazimu. Beringi ya klachi hatukuijadili. Ilikuwa inalia, ikawekwa mpya.

Nilipiga simu kwa mjomba, nikapiga kwa rafiki aliyesomea uhandisi, nikasoma kwenye simu maoni ya watu nisiowajua. Wote walisema lile lile, na lilikuwa la busara: umeshafungua, weka mpya. Nilikwenda madukani. Klachi zilizokuwepo zilikuwa kwenye maboksi mawili yenye picha moja, lakini moja lilikuwa jepesi kuliko jingine, na muuzaji hakuweza kuniambia kwa nini. Ile aliyoiamini yeye mwenyewe ingefika kutoka Nairobi baada ya Jumamosi. Kichwa changu kikaanza. Nikiweka hii mpya nisiyoijua, ikivunjika bondeni? Nikirudisha ya zamani, ikiteleza bondeni? Kila njia niliyoifikiria iliishia chini ya bonde lile lile, pikapu imesimama na baba amekaa ndani, akitazama mbele kimya.

Niliifunga pleti kwa gazeti nikaipeleka nyumbani.

Baba aliipokea kwa mkono wa kulia na kuiweka pajani. Nilimweleza yote: ya mjomba, ya mhandisi, ya maboksi mawili. Nilieleza faida za huku na hasara za kule, nikarudia, mama akapita na kuniambia nimwachie mzee nafasi ya kupumua. Baba hakuwa akinitazama. Kidole gumba chake kilikuwa kinaingia kwenye shimo la ribiti moja, kinatoka, kinaingia kwenye jingine, kikizunguka pleti nzima. Kisha akaiinua akainusa.

"Haijaungua," alisema.

Nikangoja. Nilitaka aamue yeye. Alilijua gari kuliko sisi wote.

"Dereva ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Baba."

"Basi sema, nisikie."

Nilizipitia tena faida na hasara zote kichwani. Mwishowe nikasema tuirudishe hii hii. Sauti yangu haikuwa ya mtu aliyeamua, lakini maneno yalishatoka.

Baba akatikisa kichwa kukubali. Akanirudishia pleti, na nilipokuwa naifunga tena kwenye gazeti akauliza swali moja tu.

"Jiwe liko?"

Jumamosi asubuhi tulimwingiza kwenye kiti cha abiria, mguu wake ukanyooka hadi mbele kabisa. Mama na shangazi walikaa nyuma juu ya godoro, katikati ya mikungu ya ndizi, maharage meusi ya njahi, na mtungi wa uji wa mzazi. Shangazi aligonga kioo kabla sijawasha.

"Dereva, huku nyuma ni ndizi mbivu na wanawake wazee. Usitupondeponde."

Tulipita Nkubu, tukayapita mabonde ya kwanza, nami nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayening'inia juu ya shimo. Kisha tukafika kwenye bonde la Nithi. Barabara ilijipinda na kushuka, daraja likaonekana chini likiwa dogo kama kibiriti, na ng'ambo yake ukuta wa mlima. Tulivuka. Nikaanza kupanda, gia ya pili, halafu ya kwanza, na katikati ya mlima magari yote mbele yetu yakasimama. Lori lilikuwa limekwama kwenye kona.

Nikakanyaga kila kitu. Mara harufu ikaingia dirishani, harufu kali ya klachi inayoungua. Niliyajua. Tungeweka mpya.

"Si sisi," baba alisema.

Nikatazama. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya gari la mbele yetu, lililokuwa likining'inia na kutetemeka, dereva wake akilishikilia kwa klachi.

"Jiwe," baba alisema.

Sikuwa na haja ya kurudia. Nyuma nilisikia mtikisiko, kisha mlio wa jiwe likigusa lami. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mama, aliyevaa kitambaa chake cha Chama cha Akina Mama cha kanisa, akiinuka na kujipangusa mikono. Nikatoa gari kwenye gia, kisha nikatoa mguu kwenye klachi. Nikatoa na wa pili kwenye breki. Pikapu ilikaa. Nilizima injini, na sauti ya mto ikapanda kutoka chini mpaka tulipokuwa. Juu yetu mlima, chini yetu maji, na familia nzima ikiwa imeegemea jiwe moja.

Lori lilipokokotwa pembeni, niliwasha. Hapo baba akauweka mkono wake wa kulia juu ya goti lake la kushoto, lile lisilosikia, akaubonyeza chini. Nilielewa. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza. Akaanza kuuinua mkono polepole, polepole mno, nami nikauinua mguu kwa mwendo ule ule, macho yangu yakienda barabarani na kurudi kwenye mkono wake. Mahali fulani aliusimamisha. Pale pale nilihisi gari limeshika, chini ya unyayo wangu, kama mtu aliyenishika mkono gizani. Akaendelea kuinua. Tukaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo, na mama, licha ya umri wake, akalikimbiza gari na jiwe lake, shangazi akimvuta kwa kanga na kumwita msichana.

Mkono ule ulibaki juu ya goti mpaka tulipopita Chuka. Katika kila mlima ulibonyea na kuinuka, nami nikaufuata. Kabla ya Embu niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kuutazama, na kwamba baba naye alikuwa ameuondoa, akiangalia mashamba.

Manyatta walitupokea kwa vigelegele. Uwanja wa wakwe wa dada ni tambarare kabisa, lakini mimi nilishuka, nikalichukua jiwe na kuliweka nyuma ya tairi, na watu wakacheka sana. Baba hakucheka. Alisubiri nimalize ndipo akakubali kushushwa.

Walimweka kwenye kiti uani, na dada akamleta mtoto. Mkono mmoja haukutosha, kwa hiyo mama alipiga magoti upande wa kushoto akaweka mkono wake mahali ambapo mkono wa baba ungekuwa. Mtoto alikuwa macho. Baba alimtazama, akamtemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyobariki, kisha akalitamka jina. Lilikuwa jina lake mwenyewe, na alilitamka taratibu, silabi zote, bila kukwama.