Ubishi wa tiketi na simu ya baba

Leo nimempigia marehemu simu.

Tulikuwa machimboni hapa Migori, tukibishana nani apewe tiketi ya urais na chama chetu.

Tukikwama, huwa nampigia baba kule Mbita, naweka spika, anaamua.
Mkono ukaenda wenyewe.
Simu ilipoita ndipo nikakumbuka tulimzika mwezi jana.

Mama akapokea.

"Mama, samahani. Ni ubishi tu wa chama."
"Wanaotaka tiketi ni akina nani?"
Mama hajawahi kupenda siasa, jamani!

Nikamwambia hata majina bado tunayabishania.

"Basi nipigie kesho na majina, wuoda, mwanangu. Simu yake naichaji kila siku, na hakuna anayepiga."

Kesho nitapiga.
Niambieni, nimpelekee majina gani?