Karatasi Juu ya Kawa

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu, maana siku hizi nikienda soko la Likoni kununua vitunguu naulizwa habari za karatasi, na nimechoka. Ni kweli. Mimi Zuhura, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye akili timamu, ndiye niliyewafanya wageni wa harusi wakae mbele ya biriani ya moto wakaitazama mpaka ikapoa.

Dada yangu Mwanakombo alikuwa akimwoza bintiye Rukia kwa kijana wa Kisauni, na upishi akanipa mimi. Angeweza kuajiri wapishi, lakini alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe atapikiwa na mamake mdogo, kwa hivyo heshima yake na yangu ilikuwa ndani ya zile sufuria, na wakwe ndiyo mara yao ya kwanza kula kwetu.

Sasa upande wa bwana harusi kuna ami yao mmoja, Ami Salim, mzee wa kusikiliza redio. Alikuwa amesikia mjadala wa wanyama waliobadilishwa vinasaba, hawa wanaoitwa GMO, kama serikali iidhinishe waliwe au la, na wakiidhinishwa kama nyama yao itaandikwa ili mnunuzi ajue. Basi akashika simu. Siku ya kwanza aliuliza kuku wa harusi watatoka wapi, nikamwambia kwa jirani yangu hapa Mtongwe, nawajua tangu vifaranga. Siku ya pili akauliza mbona kuku wa kizungu anakua wiki sita tu, huyo hajabadilishwa kweli? Nikamwambia hajabadilishwa, analishwa vizuri. Siku ya tatu (siku ya kutwanga viungo, nimejaa tangawizi mpaka viwiko) akapiga tena, tukaanza upya, kuku, vifaranga, jirani, kisha akamalizia:

"Bi Zuhura, mimi sina neno nawe. Lakini mtu ana haki ya kujua anakula nini. Hata paketi ya chumvi imeandikwa."

Ningesema inshallah Ami nikaendelea na kinu changu, saa hizi ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini nilikuwa nimepandwa na hasira, nikajiambia huyu anataka maandishi, basi atayapata. Nikaenda duka la fotokopi karibu na feri, nikamwambia msichana wa pale aniandikie kwa herufi kubwa: KUKU HAWA HAWAJABADILISHWA VINASABA. Akasema chini kumebaki nafasi. Nami kwa kupenda mambo yajae, nikamwambia aongeze: WAMEIDHINISHWA NA SERIKALI. (Msiniulize serikali gani. Kuku wa jirani huangaliwa na daktari wa mifugo, nikaona huyo anatosha.) Wino ukaisha kwenye karatasi ya ishirini na mbili, na sinia zangu ni thelathini. Nikasema hizo nane nani atazihesabu.

Siku ikafika, nikaha ikasomwa, wanaume wakakaa mikekani chini ya turubai, watu sita kwa kila sinia, na chakula kikatoka kimefunikwa kwa kawa, na juu ya kawa nimebana karatasi kwa pini. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikingojea sifa. Mzee mmoja akavaa miwani akasoma kwa sauti, halafu akamuuliza mwenzake, kwani kuna waliobadilishwa? Mwenzake akasema hajui, ila mtu haandiki hivi bure. Wallahi, mikono iliyokwisha kunawishwa ikarudi mapajani. Na hakuna aliyekuwa na wasiwasi kabla ya kusoma, hata mmoja, isipokuwa Ami Salim, na mimi kwa ajili yake nikawaandikia wote.

Zile sinia nane zisizo na karatasi mwadhani zilikwenda wapi? Zilikuwa karibu na mlango, zikachukuliwa kwanza, na wa kwanza kupewa chakula ni bwana harusi na wazee wake. Ami Salim akaizungusha kawa yake, akaitazama ndani na nje, akatazama za wengine, akasema kwa upole kabisa:

"Hizi zetu hazikuandikwa. Basi waliobadilishwa ndio hawa."

Bwana harusi akaondoa mkono wake. Kuona vile nikatoka, na harufu zangu za jikoni, mbele ya wanaume wote, nikaanza kueleza habari za wino, na kila nikieleza nikawa kama mtu anayeficha kitu. Akasimama mgeni wao mmoja, Bwana Kioko, mtu wa bara, afisa wa mifugo, karatasi yangu mkononi.

"Mama, kazi yangu ndiyo hii," akasema. "Hapa nchini hakuna kuku wa GMO aliyeidhinishwa kuuzwa, kwa hivyo wenye karatasi na wasio nayo wote ni sawa. Lakini hii idhini yako, ulipewa na ofisi gani?"

"Ya fotokopi," nikasema.

Walicheka mpaka nguzo za turubai zikatikisika. Dada yangu, nyuma ya pazia, akajifunika leso usoni. Nikaona aibu haina tena mahali pa kuzidi, nikapiga magoti kwenye sinia ya Ami Salim, mwanamke peke yangu katikati ya wazee, nikala matonge matatu ya biriani iliyopoa. Ami akanitazama nikimeza. Akala, akachukua paja, akachukua la pili, kisha akanishauri: "Ungeniambia tu kwa mdomo, Bi Zuhura."

Kwa mdomo! Siku tatu nilikuwa nikimwambia kwa pua?

Mwanakombo hakusema nami wiki nzima. Juzi akaja, akakaa, akasema wakwe wanakuja kula tena na nitapika mimi. "Lakini ukishika kalamu, natafuta mpishi mwengine." Nikaapa mbele yake kwamba chakula changu hakitaandikwa tena hata jina lake.

Jana Ami Salim akapiga simu. Shikamoo, marahaba, tutakula nini? Nikamwambia nguru, wa baharini. Akauliza kama nina hakika. Nikaiweka simu kwenye kabati ikiwa bado inasema, nikaendelea kupaa magamba ya samaki wangu.