Wifi Yangu na Kamati ya Kasi

Wifi yangu ndiye mkuu wa mtandao hapa chuoni, na kabla hujacheka, nasema wifi wa undugu: mke wa kaka yangu. Utani huo ameshausikia kwa kila mhadhiri, na kila mmoja hudhani ameubuni yeye.

Ni mwanamke mpole, hubeba ngazi begani kama wenzake wanavyobeba mkoba. Vile visanduku vyeupe vya darini, vinavyorusha mtandao madarasani, anavijua kimoja kimoja: kipi hupata joto, kipi ndege wamekijengea kiota. Mtandao ukienda vizuri hakuna anayemjua. Ukikwama, hata mpishi wa kantini anamtafuta.

Kaka yangu anafundisha historia. Watu humwita Hoja, kwa sababu hakuna kikao kilichowahi kufungwa kabla hajainuka kusema ana hoja. Mwaka huu hoja ilikuwa moja tu: mtandao wa jengo la historia unajikokota. Alipiga kelele mpaka ikaundwa Kamati ya Kasi, ambayo ilimaliza muhula mzima ikitafuta siku ya kukutana. Kisha akaandika waraka wa kutaka mkuu wa mtandao avuliwe cheo, na sahihi ya kwanza ikawa yake.

"Umesaini nivuliwe cheo?" wifi alimuuliza mezani, mimi nikiwepo.

"Nimesaini dhidi ya ofisi, mke wangu, si dhidi yako. Hebu nisogezee chumvi."

Ningekuwa mimi, kikopo cha chumvi kingemfikia kichwani. Wifi alimsogezea. Kisha akamweleza, kwa upole ule ule, kwamba mtandao wa hewani ni kama bomba moja lenye foleni. Mashine mpya inajaza ndoo yake na kuondoka. Mashine kuukuu inakinga maji kwa kijiko, na wote walio nyuma wanasubiri. Akamwomba abadilishe kompyuta yake, aliyoinunua kabla hawajaoana.

"Hii imeniandikia tasnifu!" kaka alifoka. "Kesho utaniambia nimtupe mama kwa kuwa anatembea polepole! Nenda kawabane makarani, wao ndio wenye mikweche."

Kikao cha kumjadili wifi kiliitishwa, na mwandishi wa kumbukumbu ni mimi. Mwenyekiti akamuuliza ana lipi la kujitetea.

"Jana asubuhi nilizima kasi zote za zamani kwenye jengo la historia," wifi alisema. "Mashine isiyojua kasi mpya haiwezi kuingia tena. Kuna aliyeona tofauti?"

Wakatazamana. Kweli, tangu jana mtandao ulikuwa unakimbia. Mhadhiri mmoja alikiri amepakua kitabu kizima kabla chai yake haijapoa. Kaka peke yake hakuwa ameionja kasi hiyo. Jana alishinda vikaoni, kompyuta haikutoka mkobani.

"Mashine ngapi zimebaki nje?" mwenyekiti akauliza.

"Moja."

"Moja! Jengo zima lilikuwa linamsubiri mtu mmoja? Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilizungumza naye, hakusikia."

"Ni nani?"

Wifi akainamisha kichwa, akaanza kukusanya karatasi zake. "Tatizo limekwisha, mwenyekiti. Jina halitatusaidia."

"Kama hutaji, basi uzembe ni wako na cheo tutakivua leo."

Aliendelea kukusanya karatasi. Alikuwa radhi kupoteza cheo kuliko kumwaibisha mume aliyesaini avuliwe. Nilisikia uchungu kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi. Nikafungua mdomo nimtaje mimi, liwalo na liwe, lakini kaka yangu akaniwahi kusimama.

"Nina hoja, mwenyekiti! Huyu mtu atajwe! Atajwe hapa hapa, kwa jina, na iandikwe kwenye kumbukumbu! Hatuwezi kuwaficha watu wanaorudisha chuo nyuma!" Akapiga meza, na wenzake wakampigia makofi.

Makofi yalipoisha, wifi alimgeukia.

"Nikutaje kwa jina la nyumbani," akamuuliza, "au la kazini?"

Hoja aliketi. Waraka wake hata kura haukupigiwa. Na kwa kuwa mwenyewe alitaka iandikwe, mimi dada yake niliandika, neno kwa neno.