Riziki, Malkia wa Tindiri

Gunia la maharagwe likifunguliwa karibu yangu, likatoa lile vumbi kavu linalonuka udongo na panya, napandwa na hasira kabla sijakumbuka sababu. Juzi sokoni muuzaji alikata uzi wa gunia lake, nami nikamfokea mama wa watu asiyenikosea lolote. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama ninaumwa. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Tulizaliwa wawili, juu ya mlima mmoja wa Masisi ambako asubuhi ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Riziki alitangulia, nami nikafuata baada ya muda mfupi, kwa hiyo yeye aliitwa Mukubwa na mimi Mudogo, ingawa nilimzidi urefu kwa vidole viwili. Kwetu, pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja ukamsahau mwenzake, aliyesahauliwa atakasirika rohoni mpaka augue, na wakubwa waliiogopa hasira ya mapacha kuliko radi. Basi kila kitu kiligawanywa. Yai lilikatwa kwa uzi. Kiazi kilipimwa kwa jicho, kikapimwa tena. Hata nilipochapwa kwa kuvunja chungu, Riziki naye alipata vifimbo viwili vyepesi, asije akaona wivu.

Mimi nilizizoea nusu. Riziki alizichukia. Alikuwa na shingo ngumu na sauti nene kuliko mwili wake, na akikasirika hakupiga kelele. Alinyamaza, akakutazama hadi ukaomba radhi kwa kosa ambalo hukulijua. Nadhani ndiyo sababu aliumba Tindiri.

Tindiri ilikuwa nchi. Ilianzia kwenye mtaro nyuma ya migomba, ule ambao papa, baba yetu, aliuchimba ili mvua isiteremshe udongo wa shamba, ikaishia pale tulipochoka kutambaa. Raia wake walikuwa magunzi ya mahindi. Riziki alikuwa malkia. Mimi nilikuwa waziri, mpishi, jeshi zima, na wafungwa wote pia, kwa kuwa jeshi lenyewe halikuwa na nidhamu. Huko kitu kilikuwa kizima au hakikuwepo. Kutamka neno "nusu" kulikuwa kosa la kufungwa. Na milima ya Tindiri ilikuwa na miguu. Risasi zikisikika, watu hawakukimbia. Mlima wenyewe uliinuka, ukabeba nyumba, mashamba na ng'ombe mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto, ukahamia mbali bila kumwaga hata uji.

"Juu ya nini batu bakimbie?" aliniuliza siku moja kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwafukuza. "Bao njo benye fasi." Yaani wao ndio wenye mahali.

Tulikuwa na miaka minane. Wenye bunduki walibadilisha majina kila msimu, na kila msimu walikula mavuno yetu yaleyale. Sitawapa heshima ya kuwataja hapa.

Mwaka ule walifika kilima cha jirani. Papa Paluku, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na duka na lori kuukuu, kamio kama tulivyoliita, lenye rozari iliyoning'inia mbele ya usukani, alipita nyumba kwa nyumba asubuhi akisema anateremka Kirotshe na magunia yake ya maharagwe, na kwamba harudi. Kwetu alitoa nafasi mbili juu ya magunia, ya mkubwa mmoja na mtoto mmoja. Wazazi wangu waliingia jikoni. Mimi nilitumwa kumfungua mbuzi. Riziki alibaki ndani nao.

Niliporudi niliambiwa kwamba mama na mimi tunatangulia kwa mama mudogo, dada yake mama, pale Kirotshe. Papa na Riziki watatufuata kesho. Nilikataa. Nilijitupa matopeni mbele ya gurudumu, nikasema sipandi bila Riziki. Papa Paluku akapiga honi. Mama alilia, papa akageukia ukuta. Aliyekuja kuniinua ni Riziki.

"Panda, Mudogo."

"Na weye?"

"Mie niko nyuma. Kamio ya kesho."

Nikamwambia aape. Akanitazama kwa lile jicho lake.

"Malkia haapi. Anasema tu. Panda."

Nikapanda. Lori liliponguruma alisimama wima kando ya njia, uso mkavu kama jiwe la kusagia, wala hakupunga mkono. Iliniuma. Nilidhani anafurahi kubaki na nchi nzima peke yake.

Kirotshe nilikaa kando ya barabara siku nne, nikihesabu malori. Siku ya nne mama mudogo, ambaye hakuna aliyemwonya anyamaze, alimuuliza mama mbele yangu kama kuna habari yoyote kutoka Pinga. Hivyo ndivyo nilivyojua. Papa na Riziki hawakuwa wakija. Walikuwa wameshika njia ya Pinga, upande mwingine kabisa, kwenda Walikale kwa mama yake papa. Wazazi walitufanya sisi kama yai: mzazi mmoja kwa kila pacha, asiwepo wa kuona wivu, na vita visitumalize wote mahali pamoja.

Niliwakasirikia wote, lakini Riziki nilimkasirikia zaidi, kwa sababu yeye peke yake ndiye niliyemwamini. Mama aliendelea kukata kila kiazi vipande viwili, akaweka kimoja pembeni na kukifunika. Siku moja nilivila vyote viwili mbele ya macho yake, taratibu, nikitafuna kwa nguvu. Kesho yake akakata tena.

Msimu wa pili wa mvua papa alifika, peke yake. Homa, alisema. Wenye bunduki walikuwa wamefunga njia ya kwenda kwenye kituo cha afya. Alikaa na Riziki mgongoni siku nzima akiwaomba wampishe. Watu walilia. Mimi nilisema neno moja tu, "Alinidanganya," nikatoka nje. Kwa miaka ishirini hayo ndiyo yalikuwa maombolezo yangu.

Mwaka jana, papa, ambaye sasa macho yake yamefifia na anaishi kwangu, alikuwa akinisaidia kumenya mbaazi, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Asubuhi ile jikoni hakuna aliyethubutu kuchagua nani aende wapi. Kumchagulia pacha mmoja ni kumkosea mwingine, na waliogopa hasira yetu. Kwa hiyo walimuuliza Riziki. Pacha akichagua mwenyewe, waliwaza, hasira haina pa kuingilia.

"Akasema, 'Mudogo iko na woga, aende na mama. Mie nitamudanganya,'" papa alisema. Alitabasamu, na fahari ilikuwa kwenye sauti yake. "Alikuwa na roho ya mutu muzima. Hakulia hata kidogo."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Wakubwa wawili waliiogopa mizimu ya desturi kuliko walivyomwonea huruma mtoto, wakamtwika mzigo wao, kisha wakamsifu kwa kuubeba. Nami nilikuwa nimemwaga hasira yangu yote, miaka yote hiyo, juu ya mtu asiyestahili hata tone lake.

"Alikuwa na miaka minane, Papa," nilisema. "Hakulia sababu mie nilikuwa namuangalia. Na kamio ilipopita kona?"

Mikono yake ilisimama juu ya mbaazi.

"Alilia mupaka Pinga," alisema.

Kutoka kwetu hadi Pinga, kwa pikipiki, ni siku nzima njia ikiwa kavu. Wao walikwenda kwa miguu.