Siku Upande Mmoja Uliposusia Bunge

Siku ile haikuwa zamu yangu, lakini nilienda. Nilipakia garini blanketi mbili, maji, mikate na bahasha ya vyeti vyetu, nikamwambia binti yangu kwamba nakwenda Maplewood kumchukua bibi. Akanijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida, kwamba bibi huyo ana watoto Lakeville na wote wana magari.

"Hata mama yangu alikuwa na watoto," nikamwambia. "Sita. Uliza alibaki wapi."

Huyo bibi ni Mzungu wa miaka themanini na kitu. Namtunza nyumbani kwake siku nne kwa wiki: namwogesha, namvalisha, namhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, maana miguu yake haimbebi tena. Namwita Mama. Mwanzoni alicheka, akasema hakumbuki kunizaa. Sasa nikichelewa, yeye ndiye anayeuliza mtoto wake amekwama wapi.

Ugonjwa wake mwingine ni siasa. Zamani alizunguka nyumba kwa nyumba kukiombea chama chake kura. Miguu ilipomwishia akabaki na ramani ya jimbo zima, imebandikwa karibu na friji, kila eneo la mbunge limepakwa penseli ya rangi ya chama chake, samawati au nyekundu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini ramani hiyo alinifundisha.

"Paka hapa," huniambia. "Hiki kiti kimehama." Nikipitiliza mstari ananigombeza: "Wewe! Umempa yule mtu mpaka ziwa la jirani!"

Novemba, baada ya uchaguzi, tulipaka, tukahesabu, tukarudia kuhesabu. Rangi mbili zikatoka sawa kabisa, nusu kwa nusu. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Kwetu Kivu niliwahi kuona kura zikikaribiana hivyo. Mwalimu wa shule yetu aligombea kiti akakikosa kwa kura chache. Akasema ameibiwa, akasusia, akaingia msituni pamoja na vijana aliowafundisha kusoma yeye mwenyewe. Walirudi na bunduki. Huyo ni wa kwanza kati ya nisiowasamehe. Wa pili ni shemeji yangu mwenye pikipiki. Siku tuliyokimbia, mama yangu alikuwa hawezi kutembea. Nilimpigia magoti shemeji, akaniambia pikipiki yake haibebi maiti, akafunga godoro lake nyuma akaondoka. Majina yao siyaandiki kwa sababu watoto wao hawana kosa. Wenyewe wako hai, na haya yakiwafikia watajijua.

Mama aliniambia, "Enda tu, nitakuja pole pole." Nikaenda. Tulipovuka mpaka nikafungua mzigo wangu, nikakuta viatu vyake ndani. Nilikuwa nimempakilia.

Kwa hiyo wako watatu.

Sasa Januari, siku ya wabunge kuapa, redio ya gari ikasema upande mmoja hautaingia bungeni. Jaji alikuwa amemvua mmoja wao kiti, wale wengine wakazidi kwa mtu mmoja, wakataka wao ndio washike uspika na kila kitu. Basi hawa wakasusia. Wengine barabarani waliendelea kunywa kahawa zao. Mimi niligeuza gari nikarudi nyumbani kuchukua blanketi.

Nilimkuta mbele ya televisheni, penseli mkononi. Ukumbi ulionekana, nusu ya viti haina mtu. Mwenzangu Mkenya aliyekuwa zamu akashangaa. "Ai, dada, si leo uko ofu?"

Nikamgeukia bibi. "Mama, tuvae viatu," nikasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Hawajaingia. Viti vitupu."

"Naviona. Nimeuliza tunakwenda wapi."

"Kwangu kwanza. Mambo yakianza, tutasonga mbele."

Mkenya akaangua kicheko. Bibi akamtazama mpaka kikaisha. Kisha akazitazama blanketi mikononi mwangu.

"Unajua uzito wangu?"

"Nani anakuinua kila siku?"

"Na kiti changu?"

"Kitakaa nyuma. Nimeshalaza viti vya gari."

"Na ramani?"

"Mama, achana na ramani!"

"Bila ramani sitoki."

Hapo ndipo nilipolia. Nilikaa chini kwenye zulia nikamweleza habari za godoro na za viatu, na Kiingereza changu kibovu hivi, mambo ambayo hata binti yangu sijawahi kumweleza. Nilipomaliza bibi akasema wabunge watakwenda mahakamani, watatukanana, na huenda watarudi wakae.

"Niambie hawatapigana."

"Siwezi kukuahidi, mwanangu. Nimeishi sana hapa, na nimeona mengi hapa hapa."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Akashika goti lake kwa mikono miwili, akauinua mguu mmoja, akanisogezea.

"Nivalishe."

Nikamvalisha soksi nzito, nikamvalisha viatu vyake vya kamba, nikamvika na koti. Mkenya, maskini, akaibandua ramani ukutani bila kuambiwa, akaikunja vizuri akamwekea mapajani. Tukakaa hivyo mpaka alasiri, mzigo wangu mlangoni, yeye amevaa kama mtu anayesubiri basi, anamkosoa kila aliyeonekana kwenye televisheni. Wala hakuniuliza ni lini nitamvua.

Majuma machache baadaye walirudi wakagawana vyeo, na ramani ikarudi karibu na friji ikiwa na mikunjo minne. Lakini kila kunapokuwa na matokeo ya kura, hata ya kiti kimoja tu cha kuziba pengo, mimi nikiingia anaanza kuinua mguu wake. Namvalisha, nafunga kamba mara mbili, ndipo ananipa penseli.